Udahili na usajili wa shahada ya masafa: mjadala wa sauti tatu

Shahada ya masafa huanza kwa matendo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Udahili ni uamuzi wa chuo kwamba mwombaji ana sifa za kusoma programu fulani. Usajili ni hatua ya mwanafunzi mwenyewe: huchagua masomo atakayoyasoma mwaka huo, huyalipia, jina lake huingia katika kumbukumbu za chuo, na kwa hilo hupata haki ya kufundishwa na kutahiniwa. Udahili hupatikana mara moja. Usajili hurudiwa kila mwaka wa masomo mpaka mtu ahitimu.

Mfano unaofaa zaidi Afrika Mashariki ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Fikra yake ina mizizi mirefu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi ikazoea kumwona mtu mwenye ajira na familia akishika daftari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali iliunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga kuchunguza uwezekano wa kuwa na chuo kikuu cha masafa. Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ikakianzisha, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1993, na chuo kikazinduliwa rasmi Januari 1994 kikiwa na Profesa Geoffrey Mmari kama makamu mkuu wake wa kwanza. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini mwanafunzi wa kawaida hana sababu ya kufika huko mara kwa mara, kwani kuna vituo mikoani, Unguja na Pemba.

Ubishi juu ya chuo hicho ni wa siku nyingi: kimpokee nani, na kimdai nini kabla ya kumwita mwanafunzi wake? Ubishi huo hapa umepewa sauti tatu. Mdahili anasimama upande wa kanuni na kiwango cha shahada. Mwalimu anazungumza kwa niaba ya watumishi wanaofundisha shule za msingi mbali na miji, wenye cheti cha ualimu cha Daraja A na hamu ya shahada. Mratibu, mama anayesimamia kituo cha mkoa, huwapokea waliokwisha kudahiliwa na huwaona wanavyopungua mwaka hadi mwaka. Hakuna kati yao aliye mtu halisi. Ni misimamo inayosikika kila msimu wa maombi unapofika.

Mwalimu ndiye anayefungua. Hoja yake ni kwamba chuo kilichoundwa kwa ajili ya walioachwa na mfumo hakiwezi kuwapima kwa kipimo kilekile kilichowaacha. Mtu amefundisha darasa la saba miaka 15, wanafunzi wake wa zamani wamekwisha kuwa madaktari na wahasibu, kisha fomu ya maombi inamuuliza alipata nini kidato cha sita, ambacho hakukisoma.

Mdahili hajibu kwa kupinga uzoefu huo. Anaeleza kwanza kanuni yenyewe, na inafaa ielezwe, maana wengi wanaoilalamikia hawajaisoma. Sifa za chini za kuingia shahada ya kwanza Tanzania hazipangwi na kila chuo kivyake. Husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na chuo cha masafa kiko chini ya tume hiyo kama chuo kingine chochote. Aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na programu anayoiomba, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kwa kipimo cha kawaida A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hivyo mwenye D mbili anapita, na mwenye C na E anapita.

Kuna mtego ambao Mdahili mwenyewe anakiri kwamba huwanasa watu. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walipangiwa madaraja kwa mfumo tofauti uliokuwa na B+ ndani yake, na kwao C ina pointi 2, D ina 1. Mtu wa 2015 mwenye C na D ana pointi 3 tu, kwa hiyo hana sifa. Mdogo wake aliyemaliza 2017 kwa herufi hizohizo ana pointi 5. Anayesoma cheti bila kutazama mwaka wake anaweza kulipa ada ya maombi bure, au kukata tamaa bila sababu.

Mwenye stashahada hupitia njia nyingine: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na stashahada yenye wastani wa pointi 3.0, au wastani wa B ikiwa ni stashahada ya ualimu. Cheti cha Daraja A peke yake hakitoshi. Hapo ndipo Mwalimu anapokwama.

Mwalimu: Ndugu Mdahili, Waingereza wana chuo chao huria. Kilipata hati mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza Januari 1971, na programu zake nyingi za shahada ya kwanza hazidai cheti chochote. Mbona huko shahada haikushuka thamani?

Mdahili: Mwalimu wangu, huko mchujo haukufutwa, ulisogezwa ndani. Mtu anaingia bila cheti, halafu masomo ya hatua ya kwanza ndiyo yanayomwambia kama anaweza. Ni haki kwa chuo chenye uwezo wa kuwabeba watakaoshindwa. Kwetu anayeshindwa amelipa kwa mshahara wake mwenyewe. Bora aambiwe mapema.

Jibu hilo lina nguvu kuliko linavyosikika mara ya kwanza, ingawa lina harufu ya kumhurumia mtu kwa kumfungia mlango. Nchi jirani nayo imeelekea upande uleule. Kenya ilipokipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya tarehe 3 Agosti 2023, chenye makao Konza, haikukitengea sifa nyepesi: wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, ambao ndio mlango wa vyuo vikuu vyote nchini humo, ulibaki kuwa mlango wake pia. Afrika Mashariki imeamua kwamba masafa ni namna ya kusoma na hayawi sababu ya kupunguza sifa. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo. Hawezi kusema haupo.

Mratibu anaingilia kati kwa kusema kwamba pande zote mbili zinabishana kana kwamba kuna mlango mmoja tu. Kuna kozi ya faundesheni inayotolewa na Chuo Kikuu Huria kwa wale waliokaribia bila kufika. Mwanafunzi wake anatakiwa kupata wastani wa pointi 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya kundi linaloendana na shahada anayoitaka. Lakini faundesheni haimfai kila mtu. Lazima awe tayari na pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye wastani wa 2.0. Aliyeishia kidato cha nne hapiti hapo hata akiwa hodari namna gani. Kwa huyo zimebaki njia mbili: kusoma stashahada kwanza, ambayo nayo inaweza kusomwa bila kuacha kazi, au kupimwa kupitia utaratibu wa TCU wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu nje ya masomo rasmi.

Mwalimu anauliza kwa nini njia hiyo ya mwisho haitangazwi kwa sauti ileile ya matangazo ya udahili. Mdahili hana jibu la kuridhisha. Anasema tu kwamba utaratibu upo na hutangazwa. Katika kipengele hiki Mwalimu ana haki: kanuni iliyokusudiwa kumhudumia mtu asiye na cheti, ikifahamika zaidi kwa wenye vyeti, imekosa shabaha.

Baada ya sifa huja maombi yenyewe, na hapa mjadala ni mfupi kwa sababu sauti zote tatu zinakubaliana juu ya mengi. Kuanzia mwaka 2010 waombaji wa vyuo vikuu nchini walipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 walirudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni, kila chuo na dirisha lake la mtandaoni. Mwombaji hutambulishwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yake huvutwa kutoka Baraza la Mitihani. Mwenye stashahada iliyo chini ya baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET, huomba kwanza namba ya uthibitisho wa tuzo yake, inayojulikana kwa herufi AVN, ndipo aendelee na fomu. Aliyesoma sekondari nje ya nchi, Kenya au Uganda kwa mfano, hupeleka vyeti Baraza la Mitihani ili vilinganishwe na vya Tanzania. Stashahada za nje hulinganishwa na NACTVET, na shahada za nje hulinganishwa na TCU. Hatua hizi hufanyika kabla ya kujaza fomu, na anayeziacha mpaka wiki ya mwisho ya dirisha hulikosa.

Jambo linalowachelewesha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, kitambulisho cha taifa kimeandikwa jina la ndoa. Ofisi ya udahili hufuata jina la cheti cha kidato cha nne, na tofauti yoyote hudai hati ya kisheria. Mwombaji anayeanza na fomu badala ya kuanza na kuvipanga vyeti vyake mezani na kuvisoma kimoja kimoja, anaanza kinyume.

Jambo la pili ni steshenari. Waombaji wengi wasio na kompyuta humwachia kijana wa steshenari kazi yote: kufungua akaunti, kuweka nywila, hata kuweka namba ya simu. Mratibu amekwisha kuona matokeo yake. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa msimbo wa kuthibitisha chuo anachokitaka. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari, ambaye siku hiyo hakufungua duka, na muda wa kuthibitisha unapita. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Vishoka ni habari nyingine: hao huahidi kumpatia mtu udahili asiostahili, huchukua fedha, na huishia kumpa barua ambayo chuo hakiitambui. Malipo ya chuo cha umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa malipo wa Serikali. Anayeombwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ana kila sababu ya kusita.

Barua ya udahili ikishatoka, Mwalimu hudhani ubishi umekwisha. Mratibu anasema ndio kwanza umeanza, na kuanzia hapa sauti yake ndiyo inayosikika zaidi.

Barua hiyo humpa mtu nafasi. Uanafunzi haumo ndani yake. Ili awe mwanafunzi, mtu huwasilisha vyeti halisi vihakikiwe, huchagua kituo cha mkoa atakachohudumiwa, huchagua masomo ya mwaka, hupata namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa. Hapo hupewa namba ya usajili, kitambulisho, na akaunti ya kuingilia jukwaa la masomo mtandaoni, ambako hukuta vitabu vya somo, kazi za kufanya na matangazo. Uchaguzi wa kituo huonekana mdogo, lakini ndipo atakapofanyia mitihani. Mwalimu wa kijiji cha mpakani mwa mikoa miwili anaweza kuwa karibu zaidi na kituo cha mkoa ambao si wake kiutawala. Atazame barabara na basi.

Uamuzi mgumu ni idadi ya masomo. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, kwa pamoja saa 3,600: kusoma, kuandika kazi, kuhudhuria vipindi vya ana kwa ana, kujiandaa na mitihani. Chuo Kikuu Huria humruhusu mwanafunzi kumaliza kwa miaka mitatu au kusogea hadi minane. Anayekusudia mitatu anahitaji saa 1,200 kwa mwaka, karibu saa 23 kila wiki bila likizo. Kwa miaka sita ni kama saa 11 na nusu kwa wiki. Kwa minane, chini kidogo ya saa 9.

Saa 23 kwa wiki ni ajira ya pili. Hesabu hii hufanywa na wachache kabla ya kujisajili, na kwa maoni ya Mratibu ndiyo inayoamua mengi kuliko pointi za kidato cha sita. Mwanafunzi mpya, bado ana furaha ya barua, hujisajili masomo yote ya mwaka wa kwanza kwa sababu rafiki yake wa chuo cha bweni anasoma yote. Mitihani inapofika amesoma nusu. Anafeli yaliyobaki, anajisajili tena mwaka unaofuata kuyarudia pamoja na mapya, na mzigo unakuwa mkubwa kuliko ule uliomshinda. Mwaka wa tatu hajisajili kabisa. Chuo hakikumfukuza. Aliondoka kimya.

Mwalimu: Mama, mtu ana miaka 45. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima ni 60. Akienda kwa mwendo huo wa miaka minane atapata shahada akiwa na miaka 53. Ataitumia lini?

Mratibu: Ndiyo maana Mwalimu asiandike masomo kwa kutazama umri. Ayaandike kwa kutazama saa zake. Miaka mitano ya kufaulu ni mifupi kuliko mitatu ya kufeli na mitatu ya kurudia.

Mdahili, ambaye hapa hutarajiwa kumuunga mkono Mratibu, anaona hatari nyingine. Mwendo wa polepole una gharama yake: mitaala hubadilishwa, somo hufutwa au hugawanywa, na mwanafunzi wa mwaka wa saba hujikuta akitafutiwa ulinganifu wa masomo aliyokwisha kufaulu. Muda wa juu nao huhesabiwa tangu usajili wa kwanza, wala haungoji mpaka mtu atulie maishani. Uhuru wa kwenda taratibu una ukuta mwishoni, na anayeutumia wote tangu mwanzo hana akiba ya kuugua, kuhamishwa kituo cha kazi au kufiwa.

Mwalimu anamkumbusha kwamba Nelson Mandela alianza kusomea sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943 na akapata shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, kutoka UNISA, chuo cha Afrika Kusini ambacho kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu 1946. Mfano huo hupendwa sana kwenye hotuba. Mratibu anaukubali kwa heshima na kuuweka kando: Mandela hakuwa na muda wa juu wa miaka minane, na hakuwa akisahihisha madaftari 90 kila jioni.

Fedha huleta hoja ya namna yake. Ada katika utaratibu huu hufuata masomo yaliyosajiliwa, na hapo ndipo chuo cha masafa kinapomfaa mtu wa kipato kidogo kuliko mlango wowote wa udahili unavyoweza. Mwalimu wa Newala au Tandahimba mwenye shamba la korosho hupata fedha minada inapoanza, mwezi Oktoba na kuendelea. Mwenzake wa mkoa mwingine hutegemea mkopo wa SACCOS. Wote wawili wanaweza kulipia masomo machache na bado wakawa wanafunzi kamili mwaka huo. Mdahili anaongeza sharti moja: kulipia ni sehemu tu ya usajili. Kuna wanaolipa na kusahau kuthibitisha masomo kwenye akaunti, kisha hushangaa majina yao hayamo katika orodha ya watahiniwa. Fedha ipo chuoni, mwanafunzi hayupo.

Shahada zenye vitendo hudai mpango zaidi. Anayesomea sayansi lazima atenge wiki za maabara, ambazo hazifanyiki mtandaoni. Anayesomea ualimu lazima afanye mazoezi ya kufundisha. Sharti hilo humuudhi Mwalimu: miaka 15 darasani, leo afanyiwe mazoezi? Mdahili anajibu kwamba shahada ya ualimu humwandaa kufundisha sekondari, na kinachopimwa ni somo na kiwango ambacho hajakifundisha. Jibu ni sahihi, ingawa mtu mzima anayetazamwa na mkaguzi wa umri wa mwanawe haoni usahihi wake kwa urahisi. La muhimu ni kwamba vipindi hivyo vigongane au visigongane na ratiba ya shule yake huamuliwa siku ya kujisajili.

Hilo linamleta mwajiri. Mtumishi wa umma anapaswa kuwa na ruhusa ya mwajiri kabla ya kuanza masomo, hata kama ni ya masafa na hataondoka kituoni. Mwalimu anaiona ruhusa hiyo kama kuomba kibali cha kusoma kitandani. Lakini mwenye shahada anayetaka kubadilishiwa muundo wa utumishi hukabiliwa na maswali mawili: shahada hiyo inahusiana na kazi yake? Mwajiri aliijua? Aliyesomea biashara akiwa mwalimu, bila barua yoyote, huenda akabaki na cheti kizuri na mshahara uleule. Hapa sauti tatu zinapatana, ingawa kwa shingo upande: barua ya ruhusa itafutwe pamoja na vyeti, kabla ya fomu.

Lililobaki ni mtandao. Kuhamishia usajili kwenye simu kumepunguza nauli za kwenda mkoani kufuata fomu na risiti, na hilo si dogo. Kumehamishia pia gharama kwenye bando, na kumempa nguvu mtu aliye karibu na mnara. Mwalimu anadai vituo vya mkoa viendelee kupokea watu ana kwa ana kwa usajili. Mdahili anaogopa kumbukumbu mbili, moja ya karatasi na moja ya kompyuta, zisizofanana. Mratibu hupendekeza kitu cha katikati: mwanafunzi aje kituoni mara moja, siku ya kwanza, afanye usajili mzima kwa mikono yake mwenyewe kwenye kompyuta ya kituo huku akiongozwa, aondoke na nywila anayoijua yeye. Miaka inayofuata atafanya nyumbani. Pendekezo hilo linagharimu kompyuta chache na subira ya watumishi, na linamwondoa kijana wa steshenari kwenye habari hii bila kumtukana.

Mwanafunzi anayeona hawezi kuendelea mwaka fulani ana haki ya kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi na kwa sababu. Wachache huitumia. Wengi hunyamaza, wakidhani kutojisajili ni sawa na kuahirisha, kisha hurudi baada ya miaka miwili wakakuta akaunti imefungwa na maelezo yanahitajika. Mdahili na Mratibu hutofautiana hapa kwa mara ya mwisho. Mdahili anashikilia kwamba chuo hakiwezi kumtafuta kila aliyenyamaza. Mratibu anasema ujumbe mmoja wa simu, unaotumwa wiki mbili kabla ya dirisha la usajili kufungwa kwa kila ambaye hajajisajili, haugharimu kitu cha kutisha. Mdahili hajalikataa hilo, wala hajalikubali.

Mwanafunzi akishafaulu masomo yote, kumbukumbu zake hupitiwa upya kabla ya jina kuingia katika orodha ya wahitimu. Kila somo hulinganishwa na mwaka liliposajiliwa na kulipiwa, na mtihani uliofanywa bila usajili hauna matokeo. Krediti hujumlishwa, madeni ya ada hutazamwa, na cheti huandikwa kwa jina lililotumika siku ya kuomba.